Si Upepo: Kichomi cha Watoto Wadogo na Kinga Yake Majumbani

Hapana mtaa katika miji yetu ya pwani usioujua ugonjwa huu, ijapokuwa kila nyumba huuita kwa jina lake. Wazee wauita kichomi. Wengine husema mtoto amebanwa na mbavu. Hospitalini huandikwa nimonia. Na ukiuliza sababu yake, jibu utakalolisikia aghlabu ni hili: mtoto amepigwa na upepo. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya neno hilo moja, kwa kuwa nimeona kwa macho yangu jinsi linavyoweza kuwapotezea watu siku tatu ambazo hawakuwa nazo za kupoteza.

Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja alijaliwa mtoto wa kiume, mwenye afya na kicheko. Alipotimiza miezi mitano, katika mvua za masika, alianza kukohoa. Usiku wa pili mama yake aliona kwamba tumbo la mtoto lapanda na kushuka kwa haraka isiyo ya kawaida, akamwambia mkwewe. Bibi yule, mtu wa huruma ambaye amelea watoto saba, alisema ni upepo. Akafunga madirisha, akamvika mtoto nguo juu ya nguo, akampaka mafuta kifuani, kisha akaingiza chumbani jiko la makaa na kulitia ubani ili chumba kipate joto. Baba alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Mama, msichana wa miaka kumi na tisa, hakupenda kutoka usiku bila ya idhini, wala hakuwa na nauli mkononi. Siku ya tatu mtoto aliacha kunyonya. Siku ya nne, baada ya Sala ya Alfajiri, tuliitwa tukatafuta gari. Muuguzi alizifungua nguo zile moja moja, akatazama kifua, akatutazama sisi, asiseme neno. Kabla ya Adhuhuri mtoto alifariki. Alasiri tulimzika, hatukuhitaji jeneza, alichukuliwa mikononi.

Sisimulii haya ili nimlaumu bibi yule. Alifanya yote ayajuayo, na aliyafanya kwa mapenzi. Nasimulia kwa sababu kila alilolifanya lilitokana na neno "upepo", na neno hilo si kweli.

Yafaa kwanza ijulikane kichomi ni nini. Mapafu ya mwanadamu yamejaa vifuko vidogo vidogo visivyohesabika, na kila avutapo pumzi vifuko hivyo hujaa hewa, na humo ndimo damu ipatiamo hewa safi ya kuuhuisha mwili. Vijidudu vya maradhi vikishika mapafuni, vifuko hujaa usaha na maji mahali pa hewa. Mtoto avuta pumzi, lakini pumzi haimtoshi. Kwa hiyo huvuta upesi upesi, kama mtu apandaye mlima, mpaka achoke. Na mtoto mchanga hachelewi kuchoka. Katika mwaka 2019 pekee watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano walikufa duniani kwa ugonjwa huu, yaani kiasi cha watoto 14 katika kila 100 waliokufa kabla ya kutimiza umri huo.

Vijidudu hivyo ni vya namna nyingi. Mashuhuri ni bakteria wawili, mmoja aitwaye pneumokoki na mwingine aitwaye Hib, na virusi ambavyo madaktari huviita RSV. Vyote huishi puani na kooni mwa watu. Husafiri kwa chafya, kwa kikohozi, kwa mikono isiyooshwa, kwa busu la mtu mwenye mafua. Havisafiri kwa upepo wa kusi.

Katika jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mjini Kilifi, baina ya Mombasa na Malindi, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kando ya hospitali ya mji huo, na wataalamu wake wameyafuata maradhi ya watoto wa pwani mwaka baada ya mwaka. Wamekuta kwamba virusi vya RSV huja kila mwaka kama mgeni mwenye ahadi, na aghlabu hupamba moto katika miezi ya Januari mpaka Machi. Ninyi wasomaji wa pwani mwaijua miezi hiyo: ni kaskazi, wakati wa joto, watu walalapo barazani kwa kukosa usingizi. Lau baridi ndiyo iletayo kichomi, msimu huo ungekuwa msimu wa salama.

Tena mwaka 2009 na 2010 wataalamu hao walizifuata nyumba za vijijini huko zenye watoto wachanga, wakawapima pua watu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, mara mbili kila wiki kwa muda wa miezi sita. Walitaka kujua ni nani aletaye virusi nyumbani. Mara nyingi hakuwa baba wala mama, bali ndugu wa mtoto, na hasa yule aendaye shule. Mtoto wa darasa la kwanza arudi na mafua yake, atupa mkoba, na jambo la kwanza alifanyalo ni kumkimbilia mdogo wake na kumbusu. Mafua yaliyokuwa mchezo kwake yaweza kuwa mauti kwa mdogo wake.

Nasi twawafunza watoto wetu kumsalimu mzazi warudipo kutoka shule au chuoni. Basi na tuwafunze pia kunawa kabla ya kumshika mtoto mchanga, na kwa sabuni. Katika mitaa ya watu masikini ya Karachi, nchini Pakistani, nyumba kadhaa zilipewa sabuni na mafunzo ya kunawa, na nyumba nyingine zikaachwa kama zilivyo. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2005. Watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba za sabuni walipatwa na nimonia nusu tu ya wenzao. Wale nao walikuwa watu wa udhu kama sisi. Udhu ni ibada na una daraja yake, lakini hautaki sabuni, na mara nyingi sabuni ya nyumba zetu hukaa bafuni, mbali na mlango aingiliao mtoto wa shule.

Haya hayana maana kwamba mtoto aachwe katika baridi. Mtoto aliyezaliwa karibuni, na zaidi aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia au mwenye uzito mdogo, hupoteza joto upesi na hudhoofika kwa hilo. Dawa yake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kanga juu yao wote wawili. Si makaa.

Na hapa sina budi kusema juu ya moshi, kwa kuwa katika moshi ndimo tunamowadhulumu watoto wetu bila ya kujua. Moshi wa kuni na makaa huchoma njia nyembamba za pumzi za mtoto na kuudhoofisha ulinzi ambao Mwenyezi Mungu ameuweka humo, hata vijidudu vikija vipate kushika kwa wepesi. Mama apika huku mtoto yu mgongoni, uso wake umeelekea mafiga. Wataalamu walijaribu jambo hili katika milima ya Guatemala, Amerika ya Kati, ambako watu hupika kwa kuni ndani ya nyumba: baadhi ya nyumba zilijengewa jiko lenye dohani ya kutoa moshi nje. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, lakini ile iliyo kali, imnyimayo mtoto hewa, ilipungua kwa kiasi cha theluthi.

Uaminifu wanitaka niseme na upande wa pili. Nchini Malawi, majaribio kama hayo yaliyohusu watoto zaidi ya elfu kumi, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, hayakuonyesha tofauti yoyote baina ya wenye majiko mapya na wenye mafiga ya zamani. Wako waliosikia hayo wakasema basi moshi hauna neno. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa nyumba yenye jiko jipya bado alikuwa akivuta moshi wa jiko la jirani, moshi wa takataka zichomwazo uani, na moshi wa sigara. Jiko moja haliusafishi mtaa mzima. Kilicho mkononi mwetu ni kumwondoa mtoto mahali penye moshi: mpishi ampokeze mtoto kwa mtu mwingine, kuni ziwe kavu, mwenye uwezo wa gesi aitumie, asiye nao apike uani au bandani penye kupitisha hewa. Mwenye kuvuta sigara, kama hajaiacha, asiivute ndani wala barazani penye mtoto. Na hapa nitawaudhi baadhi ya bibi zetu: ubani na udi pia ni moshi. Chumba kifukizwe mtoto akiwa nje, kisha kipigwe na hewa kabla hajarudishwa. Ama jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hilo si la kichomi peke yake. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wazima pia wamelala nayo wasiamke.

Kinga nyingine imo katika maziwa ya mama. Waislamu twaijua miaka miwili iliyotajwa katika Kurani kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, na twajivunia. Walakini twaiharibu miezi sita ya mwanzo kwa maji, uji mwepesi na maziwa ya kopo, ilhali katika miezi hiyo mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama yake na dawa atakayoandikiwa na tabibu. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali waonyesha kwamba mtoto wa chini ya miezi sita asiyenyonyeshwa kabisa yumo katika hatari ya kufa kwa nimonia karibu mara 15 kuliko yule anyonyaye tu. Mama naye ale ashibe. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta ananyonyesha, naye akamhofia mwanawe, sharia imempa ruhusa ya kufungua. Habari za kulipa na fidia na amwulize mwalimu wake. Baada ya miezi sita chakula kiongezwe: samaki, kunde, mayai, mboga, mafuta kidogo katika uji. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo huuawa na kichomi ambacho mwenzake aliyeshiba angepona.

Kisha kuna chanjo. Juu ya hizo nitasema kwa ufupi, kwa sababu hesabu zake zajisemea. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib mwaka 2001. Kufikia mwaka 2004 na 2005, maradhi makali ya bakteria huyo katika watoto wa Kilifi yalikuwa yamebaki kiasi cha 12 katika kila 100 ya yale ya zamani. Mwaka 2011 ikafuata chanjo ya pneumokoki, na nimonia ionekanayo katika picha za kifua hospitalini Kilifi ikapungua karibu nusu. Tanzania ilianza chanjo ya Hib mwaka 2009 na ya pneumokoki mwaka 2013. Chanjo hizi hutolewa kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Na ile ya surua, ambayo nayo huacha mapafu wazi kwa kichomi, akiwa na miezi 9 na tena 18. Wazazi wengi huanza vizuri kisha huacha katikati, kwa safari, kwa arusi, au kwa kuwa mtoto alipata homa ya sindano usiku mmoja. Kadi na itazamwe leo. Ikiwa dozi imepita siku yake, kliniki watampa. Hapana atakayemfukuza kwa kuchelewa.

Hata hivyo, hapana kinga isiyo na tundu. Kwa hiyo sasa naja katika jambo ambalo lau mama yule wa jirani angelijua, na lau sisi tuliomzunguka tungelijua, huenda tungelikwenda hospitali usiku ule wa pili. Ni kuhesabu pumzi.

Mwaka 1984 daktari mmoja, Frank Shann, aliyekuwa akifanya kazi Goroka katika milima ya Papua New Guinea, aliandika kwamba mtu asiye na picha za kifua wala vyombo vya gharama aweza kumtambua mtoto mwenye nimonia kwa kuhesabu pumzi zake na kutazama kifua chake. Shirika la Afya Duniani liliichukua njia hiyo na kuieneza, na mpaka leo ndiyo itumiwayo katika zahanati za nchi nyingi. Haihitaji elimu kubwa. Yahitaji macho, na saa au simu ionyeshayo sekunde.

Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, wala asiwe ananyonya. Akilala ni bora zaidi. Inua nguo mpaka tumbo na kifua vionekane, kwani mtoto aliyevikwa nguo nne hahesabiki. Kila tumbo linapopanda, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, maana pumzi ya mtoto mchanga haiendi sawasawa: mara hukimbia, mara hutua. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, mhesabu tena; ikiwa ni hivyo hivyo, ana hatari. Wa miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, hatari ni 50 na zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40 na zaidi. Andikeni tarakimu hizi tatu nyuma ya mlango.

Halafu tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima avutapo pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani kila avutapo, mapafu yamekuwa mazito naye anayavuta kwa nguvu zake zote. Mtoto mwenye kikohozi pamoja na pumzi za kasi au kifua kibonyeacho hapaswi kungoja kesho. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau, hapo saa nzima ni nyingi. Ama mtoto wa chini ya miezi miwili, huyo pengine hakohoi kabisa; dalili yake yaweza kuwa ni kulikataa titi tu, au mwili kupoa. Achukuliwe.

Na kikohozi kisicho na dalili hizi? Hicho aghlabu ni mafua. Mtoto anyonye zaidi, pua isafishwe, apumzike, na ahesabiwe tena asubuhi na jioni. Asipewe mabaki ya dawa za ndugu yake zilizo kabatini. Dawa ya nimonia ya bakteria ipo, nayo si ghali, lakini hupimwa kwa uzito na umri wa mtoto na sharti imalizwe siku zake zote. Naye aliyezidiwa huhitaji oksijeni, ambayo haipatikani dukani. Yako pia mambo ambayo ni heri yaachwe kabisa. Kumkata mtoto kimeo kwa sababu ya kikohozi humwongezea jeraha na damu, wala hakuufikii ugonjwa ulio mapafuni. Kumtia samli au mafuta puani au kooni kwa nguvu ni hatari kubwa: katika nchi za Arabuni na Bara Hindi madaktari wameandika habari za watoto waliougua kichomi kwa mafuta yenyewe, yaliyopotea njia yakaingia mapafuni.

Limebaki jambo la ruhusa na nauli, ambalo si la udaktari lakini limewaua wengi. Baba asafiriye na aseme kabla ya kuondoka, mbele ya mama yake na mkewe, kwamba mtoto akishindwa na pumzi apelekwe, asingojewe yeye. Fedha za gari ya usiku ziwekwe mahali ambapo mama azijua, wala zisiguswe kwa sukari. Na nambari ya mwenye gari iwe katika simu ya mama, si katika simu ya baba peke yake.

Jirani yetu amejaliwa mtoto mwingine, msichana, ambaye sasa ana mwaka na miezi minne. Amekwisha kulazwa mara moja kwa kichomi, akapelekwa jioni ile ile mama yake alipohesabu 58, akarudi nyumbani siku ya tano. Bibi yake ndiye aliyemshika mkono mama garini. Siku hizi wanawake wa mtaani humgongea mama yule usiku, mtoto mgongoni, ili awahesabie. Huwasha taa, huinua nguo ya mtoto, na watu wote waliomo chumbani hunyamaza dakika nzima. Mara nyingi huwa ni mafua tu, nao hurudi kulala.